Neno nililoogopa kumwandikia dada yangu

Barua ya dada ilinifikia Philadelphia mwezi Desemba 1995, ndani ya ile bahasha nyembamba ya ndege yenye pindo za bluu na nyekundu. Alikuwa akikaa Muheza, ameolewa na dereva wa malori ya masafa. Ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu Tanga huyo ni dada, hatuongezi neno. Salamu zilijaza ukurasa mzima: mama hajambo, bibi hajambo ila magoti, machungwa mwaka huu yameanguka hata hayana wa kuyaokota. Swali lenyewe lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanana, kama mtu anayenong'ona huku jicho liko mlangoni: "Mdogo wangu, huko kwa wasomi wanasemaje juu ya ule ugonjwa? Shemeji yako siku hizi hulala njiani wiki mbili mbili. Na mimi nanyonyesha."

Ule ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini kwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa kule waliuita Juliana, jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yakiingia kutoka Uganda. Baadaye likaja neno Ukimwi, likasemwa redioni kila siku, na bado nyumbani halikutamkwa. Mtu alikufa kwa kifua, au kwa malaria iliyopanda kichwani, au karogwa. Miaka kumi na mbili ilikuwa imepita tangu Kagera, na dada yangu, mama wa watoto watatu, alikuwa bado hana jina la kuuitia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi. Jioni nilisimamia chumba cha kompyuta cha wanafunzi: kutia karatasi kwenye printa, kuwasha upya mashine zilizoganda, kuwaondoa watu ikifika saa sita usiku. Mtandao nilikuwa nimeujua kwa mwaka mmoja tu, lakini nilikuwa nimeupenda kama anavyoweza kuupenda mtu aliyesoma shule yenye kitabu kimoja kwa watoto wanane. Kwa hiyo sikuwaza mara mbili. Jibu la dada lingetoka humo.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sikukuu, nikaenda kituo kimoja cha jamii karibu na nilipopanga. Walikuwa na kompyuta nne mpya za msaada, na ndani yake programu mpya ya kuchuja, ya kuwakinga watoto wa mtaa na picha chafu. Nikaandika kwa Kiingereza maneno mawili, ziwa la mama na Ukimwi. Kikatokea kisanduku katikati ya skrini: unachokitafuta hakiruhusiwi hapa. Nikajaribu neno la kunyonyesha. Kikarudi kilekile, kwa kuwa kwa Kiingereza neno la kunyonyesha linaanza na neno la ziwa. Kijana wa zamu akaja, akasoma nilichoandika, akayakwepa macho yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa uuguzi, nimevaa koti la baridi lililofungwa mpaka shingoni, nikatoka mle nikijihisi kama niliyekutwa nachungulia bafuni kwa watu.

Siku hizohizo kampuni ya America Online, iliyokuwa ikiwaunganisha mamilioni ya Wamarekani na mtandao, ilikuwa imelitia neno hilohilo kwenye orodha ya matusi, na wanawake waliokuwa wakikutana humo kuzungumzia saratani ya matiti wakashindwa kujitambulisha. Walipiga kelele, kampuni ikalirudisha neno. Na mwishoni mwa Desemba CompuServe, kampuni nyingine ya namna hiyo, ikafunga makundi ya majadiliano zaidi ya 200 kwa wateja wake wa dunia nzima, baada ya kubanwa na waendesha mashtaka wa Munich, Ujerumani. Mengine kati ya hayo yalikuwa ya mazungumzo matupu, hayana picha hata moja.

Ndivyo hewa ilivyokuwa wakati ule, na lazima nieleze ilivyoanza, maana vijana wa leo hawaamini kwamba kuna wakati nchi nzima iliugombania mtandao ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuuona. Seneta James Exon wa Nebraska alikuwa amekusanya picha za ngono zilizochapwa kutoka mtandaoni, akazitia kwenye jalada la bluu, akawakaribisha wenzake wazitazame. Juni 14, 1995 Seneti ikaipitisha hoja yake ya kuadhibu mambo yasiyo na staha mtandaoni, kwa kura 84 dhidi ya 16. Wiki chache baadaye jarida la Time likatoka na jalada la mtoto mbele ya kompyuta, macho yamemtoka. Habari yenyewe ilitegemea utafiti wa mwanafunzi wa Carnegie Mellon, Marty Rimm, aliyedai kuwa asilimia 83.5 ya picha katika makundi fulani ya Usenet, ile mikusanyiko ya majadiliano ya mtandaoni, zilikuwa za ngono. Namba hiyo ikatoka kwenye hayo makundi fulani, ikapanda basi, ikafika makanisani na vibarazani ikiwa asilimia 83.5 ya mtandao mzima. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Donna Hoffman na Thomas Novak, waliuchambua utafiti ule mstari kwa mstari wakaonyesha ulivyo dhaifu. Sehemu kubwa ya vitu alivyovihesabu vilitoka kwenye huduma binafsi za kompyuta za picha za watu wazima, ambazo mtu hazifikii bila kulipia. Lakini mwenye namba hutangulia, na mwenye maelezo humfuata kwa mguu.

Mama mwenye nyumba wangu, bibi mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa akiimba kwaya, aliliweka lile toleo la Time juu ya friji miezi mitatu. Alikuwa akimlea mjukuu wa miaka tisa. Nilipokuwa najaribu kumweleza habari za Hoffman na Novak alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akaniuliza swali moja tu: yule mtoto akiwa peke yake na ile mashine, ni nani aliye naye mle chumbani? Nilimjibu maneno mengi. Jibu sikuwa nalo, na yeye alijua sikuwa nalo.

Sasa nirudi kwenye barua. Januari 1996 chuo kilipofunguliwa nilikaa usiku kucha kwenye mashine isiyochujwa. Nilizikuta kurasa za Critical Path, mradi wa palepale Philadelphia ulioanzishwa na Kiyoshi Kuromiya, mtu aliyezaliwa mwaka 1943 ndani ya kambi walikofungiwa Wamarekani wenye asili ya Japani, na mwenyewe akiishi na Ukimwi. Sikuwahi kuona maandishi ya namna ile. Kila kitu kiliitwa jina lake. Tendo liliitwa jina lake, kiungo kiliitwa jina lake, majimaji yaliitwa majina yake, na mbele ya kila kimoja ikaandikwa: hiki kinaambukiza, hiki hakiambukizi, hiki fanya hivi. Mashavu yaliniwaka moto. Lakini nilipomaliza kusoma nilikuwa nimejua mambo ambayo mihadhara ya mwaka mzima ilikuwa imeyafunika kwa shuka.

Kisha nikashika kalamu nimwandikie dada kwa Kiswahili, na mkono ukagoma.

Nieleze kwa nini. Kwetu matusi si ukali wa neno peke yake, ni neno na mahali lilipotamkwa. Mimi nimechezwa unyago. Somo yangu alinifundisha ndani, mlango umefungwa, ngoma nje, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hakuna aliyeyaita matusi. Nikitoka nje ya mlango ule na kulitamka hata moja kati ya hayo, ningepigwa kofi na somo huyohuyo. Barua inasomwa na nani? Inapitia posta, inapitia dukani kwa Mpemba anayetuwekea barua, pengine inasomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la tano kwa kuwa bibi anataka kusikia salamu zake. Kwa hiyo nikatafuta maneno ya staha. Nikaandika kurasa mbili za tafsida safi, za kumpendeza mwalimu yeyote wa lugha. Nikamwambia ugonjwa unapatikana "katika kukutana kimwili". Nikamwambia, na hili ndilo ninalolikumbuka neno kwa neno: "Shemeji akirudi safari, msikutane bila kinga."

Nikaituma, nikaridhika.

Februari 8, 1996 Rais Clinton akatia saini sheria mpya ya mawasiliano, na ndani yake ilikuwemo hoja ya Exon. Kumwonyesha mtoto jambo "lisilo na staha" kupitia mtandao kukawa kosa la jinai, kifungo mpaka miaka miwili na faini mpaka dola 250,000. Nilikuwa zamu jioni ile. Nikafungua ukurasa mmoja, mweusi. Nikafungua wa pili, mweusi wenye maandishi meupe. Nikadhani mashine imeharibika, nikaizima na kuiwasha, ndipo mwanafunzi mmoja akaniambia ni mgomo: maelfu ya wenye kurasa walizigeuza nyeusi kwa saa 48. Chumba kizima kiling'aa giza, kama nyumba iliyotandika jamvi la msiba. Wengine walikuwa wanasema ni msiba wa uhuru. Mimi nilikuwa nawaza kurasa za Kuromiya. Kwa sheria ile, je, zilikuwa na staha? Kwa somo yangu, kwa mama mwenye nyumba, kwa hakimu wa Nebraska, nani angeamua?

Kesi ya kuipinga sheria ile ilifunguliwa siku hiyohiyo na ikasikilizwa hapohapo mjini, mahakama ya Market Street, mbele ya majaji watatu. Nilikuwa nikipita nje ya jengo lile nikienda mafunzo ya wodini. Kuromiya alikuwa miongoni mwa waliopinga, na hoja yake mahakamani ilikuwa ileile iliyokuwa ikinikosesha usingizi: hakujua neno "lisilo na staha" lina maana gani linapogusa maelezo ya kuokoa maisha ya watu wenye Ukimwi. Angeyaandika kwa lugha ya daktari, vijana wa mtaani aliowakusudia wasingeelewa. Angeyaandika kwa lugha yao, angekwenda jela.

Jibu la dada lilifika mwezi Aprili. Safari hii swali halikuwa chini, lilikuwa juu, na lilijaa furaha. "Mdogo wangu tumefuata ulivyotuagiza. Tulikwenda kwa mzee wa Pongwe, amemfanyia shemeji yako kinga nzuri, anaivaa kiunoni, haivui hata akioga. Na mimi amenifanyia ya mkono. Tumetoa jogoo na shilingi elfu kumi. Mungu akubariki kwa kutukumbusha."

Nilikaa kitandani na ile karatasi mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga kuuliza kama nyumbani kumetokea msiba.

Kinga. Nani kwetu asiyejua kinga? Mtoto akizaliwa hufungwa kinga, shamba huwekewa kinga, dereva wa lori ndiye wa kwanza kuvaa kinga. Nililichagua neno lile kwa sababu lilikuwa safi, halina harufu ya kitandani, na usafi wake ndio uliompeleka dada yangu Pongwe na jogoo mkononi. Miezi mitatu shemeji alikuwa barabarani akijiona amelindwa, na aliyempa imani hiyo nilikuwa mimi, mwanafunzi wa uuguzi, niliyeshinda na mtandao wote wa dunia mbele yangu. Hakuna seneta aliyeikata barua ile. Hakuna programu iliyoichuja. Niliichuja mwenyewe.

Barua ya pili niliiandika usiku uleule. Niliandika kondomu. Niliandika kwamba zinauzwa maduka ya dawa kwa jina la Salama, pakiti ya tatu. Nikakitaja kiungo kwa jina lake, nikaeleza inavyovalishwa, lini, na inavyovuliwa, nikachora. Nilichora vibaya, nikafuta, nikachora tena. Kuhusu kunyonyesha sikuwa na la kumfurahisha: virusi vinaweza kupita kwenye maziwa, lakini mtoto akinyimwa ziwa na kupewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima anaweza kufa kwa kuhara kabla hata ya huo ugonjwa, kwa hiyo nenda kapime kwanza Bombo, wewe na yeye. Nilikuwa nimesoma utafiti wa mwaka 1994 ulioonyesha kwamba dawa ya AZT ilishusha maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto kutoka asilimia 25.5 mpaka 8.3. Sikumwandikia hilo. Dawa yenyewe isingefika Muheza, na sikutaka kumwonyesha chakula kupitia dirishani. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa kulinyamazia. Juu ya bahasha nikaandika: aisome mwenyewe, peke yake.

Hakunijibu kwa miezi mitano. Nilijua amekasirika. Alipoandika tena hakuigusia, isipokuwa sentensi moja mwishoni: "Ile karatasi nimeiweka kwenye sanduku chini ya khanga za harusi, na shemeji yako ameiona."

Juni 11, 1996 majaji wale watatu waliizuia sheria, na Juni 26, 1997 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao. Nilichapa hukumu yote, karatasi za chuo, Mungu anisamehe. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alitoa mfano ulionifanya nisimame: mzazi akimtumia mwanawe wa miaka 17 aliye chuoni barua pepe ya kumweleza uzazi wa mpango, angeweza kufungwa, hata kama yeye, mwanawe na watu wa mji wao hawaoni ubaya, endapo tu mji ule wa chuo unauona. Niliusoma mfano ule mara tatu. Nilimwona dada, niliiona bahasha.

Lakini ukurasa ninaourudia zaidi siku hizi ni wa Jaji Sandra Day O'Connor, aliyekubali nusu na kukataa nusu, pamoja na Jaji Mkuu Rehnquist. Yeye aliona sheria ile kama jaribio la kutenga maeneo ya watu wazima, jinsi mji unavyotenga mtaa. Katika dunia ya kawaida, alieleza, kuna mlango, na mlangoni kuna mtu anayekuona sura, anajua wewe ni mtoto au mtu mzima. Mtandaoni mlango wa namna hiyo ulikuwa bado haujajengwa. Wakati ule niliuruka ukurasa huo haraka. Nilikuwa nashangilia, na anayeshangilia hasomi maandishi ya wenye mashaka.

Nilirudi Tanga mwaka 2000. Mwaka uliofuata, mimi na mwenzangu tuliweka akiba pamoja tukafungua kafe ya intaneti Ngamiani, kompyuta sita zilizotumika, shilingi 500 kwa saa. Tukazitengea mashine vibanda vya mbao laini ili kila mteja awe na faragha yake. Nilikuwa na shauku kubwa. Nilibandika karatasi ukutani yenye anwani za kurasa za afya, nikiamini watu watapanga foleni.

Foleni ilikuwepo. Baada ya wiki mbili nikaanza kuona kwamba vijana wa jioni wanaingia wawili wawili kibanda kimoja na hawaongei. Sikusema kitu. Nilikuwa mtu wa uhuru, niliyetoka Philadelphia. Halafu siku moja, saa nane mchana, kijana mdogo wa sare ya shule akapiga yowe ndani ya kibanda namba nne.

Nilikwenda mbio. Alikuwa ameandika kitu kuhusu wanasoka, akabofya pasipofaa, na picha ikafunguka. Alipoifunga zikafunguka mbili. Alipozifunga hizo zikafunguka nne, kila moja mbaya kuliko iliyopita, maana ndivyo kurasa zile zilivyotengenezwa, kumfungia mtu mlango wa kutokea. Mtoto alikuwa ameinuka kitini, mkono mmoja ungali kwenye mausi unabofya ovyo, wa pili amejiziba macho, na machozi yanapita katikati ya vidole. Niliuchomoa waya ukutani. Skrini ikalia, ikawa nyeusi. Akanishika mkono: "Dada, usimwambie mama, si mimi, inajifungua yenyewe." Na kweli, ilikuwa inajifungua yenyewe.

Nikamkumbuka mama mwenye nyumba na swali lake. Ni nani aliye naye mle chumbani? Mle chumbani nilikuwa mimi, kwenye kaunta, mita tatu, nikihesabu chenji. Miaka mitano nilikuwa nimewahesabu akina Exon kuwa ni watu wa woga tu, na hapa nilikuwa nimeshika waya wa umeme mkononi, natetemeka kuliko wao. Picha zile hazikuwa kurasa za Kuromiya. Mtu aliyezitengeneza hakuwa na neno la kumwambia yule mtoto, alikuwa anamwinda. Kuziita zote kwa jina moja, maudhui ya watu wazima, ni kosa ambalo pande mbili za mabishano yale zililifanya kwa pamoja: mmoja akasema zifungwe zote, mwingine akasema zote ni maneno, na maneno ni huru.

Kijana yule, kumbe, alimwambia mama yake. Kesho yake walikuja watu watano, pamoja na ustadhi wa madrasa na mzee wa kanisa la jirani, ambao sikuwahi kuwaona wamesimama mlango mmoja. Hawakunitukana. Walitaka nifunge au nitie chujio. Nikatia chujio. Wiki hiyohiyo muuguzi wa zahanati alikuja kutafuta maelezo ya uvimbe wa ziwa kwa ajili ya mgonjwa wake, na kile kisanduku cha kituo cha jamii, miaka sita na bahari nzima baadaye, kikatokea Ngamiani: unachokitafuta hakiruhusiwi hapa. Nikakitoa chujio mbele yake.

Jaribio la pili likawa kuvunja vibanda na kuzigeuza skrini zote zitazame ukumbini. Hilo lilifanya kazi siku moja. Vijana wa pilau, yaani wa zile picha za uchi, wakahama, wakaenda kwa jirani. Lakini na wanawake nao wakahama. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akija kila Jumatano kusoma juu ya dawa za kurefusha maisha, sikumwona tena. Nani atasoma jina la ugonjwa wake mbele ya wauza samaki wanaosubiri kutuma barua pepe?

Aliyenitoa pale alikuwa somo yangu. Alikuwa amesikia kwamba mwari wake anauza picha za uchi, akaja mwenyewe na mkongojo kuona. Nikamkalisha, nikamwonyesha kompyuta, nikamweleza mabishano yote, ya huku na ya kule ng'ambo. Akasikiliza. Akaigusa skrini kwa kidole, akaangalia nyuma yake, akarudi mbele.

"Mlango wake uko wapi?" akauliza.

"Hauna, somo."

"Kila kitu kina mlango. Aliyekucheza wewe alikuwa na mlango. Mlango si ubao, mlango ni mtu." Akanitazama. "Wewe unakaa wapi?"

Nikamwonyesha kaunta. Akacheka kwa huruma.

Tuliacha skrini tano zikitazama ukumbini. Ya sita tukaiweka pembeni, tukatundika pazia la kitenge, na kiti changu nikakihamishia pale, hatua moja kutoka kwenye pazia. Aliyetaka namba sita aliniambia anataka kusoma nini. Haikuwa lazima aniambie jina wala sababu. Nikimwona ni mtoto, nilikaa naye. Nikimwona ni mtu mzima ana jambo lake, nilimfungia pazia, nikatazama kwingine. Kuna siku nilikosea. Kuna mzee mmoja wa heshima zake aliyenidanganya wiki nzima, na kuna binti niliyemrudisha kwa sababu nilimdhania, na sikupata nafasi ya kumtaka radhi. Kuna siku nilichoka na pazia likafungwa tu bila swali. Kazi ya kuwa mlango inachosha, na nadhani ndiyo maana watu wazima wengi wanapenda zaidi kupiga kura juu yake. Mwaka 2018 serikali ilipotoa kanuni za kutaka kafe za intaneti zifungwe kamera, sisi tulikuwa tumeshaifunga kafe yenyewe, simu zimetumaliza. Lakini nililifikiria lile pazia kwa muda mrefu.

Shemeji alifariki mwaka 1999, kabla sijarudi. Dada alipima. Majibu yake ni yake, sitayaandika hapa. Kuromiya alifariki Mei 2000, habari hiyo niliikuta mtandaoni, nikaisoma kwa namba sita, pazia limefungwa.

Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati ule wa barua ni wa kike. Mwaka 2010 alikuwa kidato cha pili, anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Jumamosi moja aliingia kafe akiwa na mkebe wake wa hesabu mkononi. Ukumbini walikuwepo wateja watatu, mmoja wao mwalimu wake wa dini. Akaniamkia, akasimama mbele ya kiti changu, na kwa sauti ileile ambayo mtu huagizia mkate akasema:

"Mama mdogo, naomba namba sita. Nataka kusoma kuhusu hedhi, yangu inaniuma sana."

Mwalimu aliinua macho, akayarudisha kwenye skrini yake. Nikainuka, nikamvutia kiti, nikalisogeza pazia. Alipomaliza alichapa kurasa mbili, akazikunja mara nne, akazitia kwenye mkebe chini ya bikari, akanihesabia shilingi mia mbili za kulipia karatasi. Nilikataa kuzipokea, akaziacha juu ya kaunta.